Niko mita sita juu ya mti, upepo uko sawa, na bado kulungu ananitazama usoni. Kinachonichongea ni nini?

#1 PodoTupu

Habari wakuu. Huu ni msimu wangu wa tatu wa kuwinda kulungu wa Amerika kwa upinde nikiwa juu ya mti, na umenichosha akili. Nina ulingo wa kufunga kwa mikanda kwenye shina, sakafu yake iko mita sita kutoka ardhini. Njia ya kulungu inapita mita 18 mbele yangu. Upepo naupima kwa unga laini kila ninapokaa, na mara zote ulikuwa ukitoka njiani kuja kwangu. Nguo ni za mabaka tangu kofia hadi viatu.

Jumamosi alfajiri alikuja jike peke yake. Akasimama nyuma ya kichaka, nikamwacha. Akatoka mahali peupe, ubavu wote uko wazi kwangu. Nikaanza kuvuta. Upinde haujafika nusu, akainua kichwa akanitazama mimi, si mti. Akapiga mguu chini mara mbili, akapuliza pua kwa nguvu, akaondoka na mkia umesimama.

Hiyo ni mara ya tatu msimu huu. Mara mbili za kwanza ilikuwa yapata saa mbili na nusu asubuhi, na upinde ulikuwa umetundikwa, mikono yangu iko mapajani. Aliyenifundisha aliniambia kulungu hatazami juu. Basi hawa wangu wamesoma wapi?

#2 MzeeWaUlingo

Aliyekwambia kulungu hatazami juu alikuwa na bahati ya kuwinda mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda mti. Ni kweli jicho lake limeumbwa kwa ajili ya upeo: mboni imelala kama ufa, na sehemu ya retina inayoona vizuri zaidi ni ukanda unaofuata mlalo wa ardhi. Adui zake wengi huja kwa miguu. Lakini anajifunza. Jike aliyeishi miaka mitano au sita kwenye msitu wenye wawindaji ameshaona miti yenye watu, na huyo hukagua mashina kabla hajatoka kichakani.

Kabla sijasema zaidi, nijibu: nyuma yako kuna nini? Sisemi mbele. Nyuma.

#3 Kapi60

Panda juu zaidi, mkuu. Mimi nakaa mita tisa na sijatazamwa mwaka wa nne huu. Mita sita ni ngazi ya kupaka rangi nyumba.

#4 JaniLaMwaloni

Kapi60, hiyo dawa ina gharama yake, tuiseme. Ukiwa mita sita na mnyama yuko mita 18, unamtazama kwa mshuko wa nyuzi kama 18. Ukipanda hadi mita tisa naye akaja mita tisa kutoka kwenye shina, mshuko ni nyuzi 45. Hapo mshale unaingia juu ya mgongo na kutokea chini ya kifua, na ni rahisi sana kupata pafu moja tu. Kulungu mwenye pafu moja zima anaweza kwenda mbali mno, usimpate, na huyo ni mnyama aliyeteseka bure. Mimi nilifuatilia damu ya namna hiyo usiku kucha mwaka fulani, nikaipoteza kwenye kijito. Tangu hapo sipandi kupita mita sita na nusu, namwachia mti kazi ya kunificha.

#5 ChembeMbili

Nguo unafulia nini? Kulungu anaona nyeusi na nyeupe tu, lakini sabuni ikikaa kwenye nguo inang'aa machoni pake kama taa. Mimi nilibadilisha sabuni na mambo yakanyooka.

#6 MgangaWaMifugo

ChembeMbili, umechanganya jambo moja la kweli na moja lisilo kweli. Kulungu haoni nyeusi na nyeupe tu. Mwaka 1992 wanasayansi walikutana Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, wakapima retina za kulungu mkia-mweupe kwa vifaa vya umeme. Walikuta aina mbili za seli za rangi: moja huitikia zaidi mwanga wa bluu, karibu nanomita 450, nyingine kijani-manjano, karibu nanomita 540. Ile ya tatu tuliyo nayo sisi, ya nyekundu, hana. Ndiyo maana fulana ya chungwa kali, ambayo mwindaji mwenzako anaiona akiwa mbali, kwake ni rangi iliyofifia kama majani makavu. Jinzi ya bluu ndiyo inayompigia kelele.

Hilo la sabuni lina mzizi. Sabuni nyingi za kufulia zina ving'arishi vinavyonyonya mwanga wa urujuanimno na kuutoa kama bluu, na lenzi ya kulungu inapitisha urujuanimno kuliko yetu. Alfajiri na jioni mwanga wenyewe umejaa bluu. Kwa hiyo kufua kwa sabuni isiyo na ving'arishi ni jambo la maana. Lakini sidhani PodoTupu anachongewa na fulana. Kulungu akiona kitu kinang'aa na hakisogei, kwa kawaida atakikodolea tu. Huyu alipiga mguu.

#7 PodoTupu

Asanteni. Majibu:

Mzee #2: nyuma yangu hakuna kitu. Mti ni mpopla mnyoofu, hauna tawi hadi mita kumi. Oktoba ulikuwa na majani, sasa yameisha yote. Nyuma ni anga.

Jua linachomoza kulia kwangu, nyuma kidogo. Ulingo uko kwenye mteremko, njia iko upande wa juu. Nafua kwa sabuni ya kawaida ya nyumbani. Nitabadilisha, haina hasara.

#8 MzeeWaUlingo

"Njia iko upande wa juu." Mwanangu, ungeanza na hilo!

Chukua mteremko wa nyuzi 15 tu, ambao mguuni hata hauusikii sana. Ukienda mita 20 kupanda, ardhi imeinuka zaidi ya mita tano. Wewe umekaa mita sita juu ya mzizi wa mti wako, lakini kulungu aliye njiani macho yake yako karibu sawa na viatu vyako. Hajatazama juu hata kidogo. Ametazama mbele, kwenye ule ukanda anaoona vizuri kuliko pote, akakuta mtu amekaa hewani na anga nyuma yake. Mita zako sita ni mita sita kwa anayetoka bondeni.

Hamia upande wa juu wa njia, mgongo uwe mlimani. Au tafuta mti wenye mashina mawili yaliyoachana ukae katikati. Mwaloni unaoshikilia majani makavu hadi majira ya baridi ni zawadi. Msonobari na mwerezi pia, ukikata matawi machache tu ya kupitisha mshale. Kuna watu wanakata matawi mpaka mti unabaki nguzo, halafu wanalalamika.

#9 BintiWaPori

Naongeza kitu ambacho sijaona kikitajwa: kivuli chako.

Jua likiwa nyuma yako na liko chini, kivuli cha mti kinalala ardhini mbali sana, nawe umo ndani yake. Msimu wangu wa pili nilikuwa nimekauka kama kigogo, kulungu anakula kokwa za mwaloni mita 15 hivi, kichwa chini. Nikageuza shingo kidogo kumtazama mwingine. Yule wa kwanza akaruka kama ameungua. Nilishindwa kuelewa, maana hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama chini. Nikaangalia pale alipokuwa amesimama, nikaona kivuli changu kimekaa juu ya majani. Nikageuza kichwa, nacho kikageuka.

PodoTupu, zile mara mbili za saa mbili na nusu, jua lilikuwa limeshatoka?

#10 PodoTupu

Lilikuwa limetoka, dada. Na kivuli kingeangukia kushoto mbele. Sikumbuki kama kilifika njiani. Hili la kwako halikunijia kabisa.

#11 Kapi60

Mimi bado nasema ni kuvuta. Mara ya tatu alikuwa anavuta, kaonekana. Vuta mapema, kabla hajatoka kwenye kichaka, subiri umevuta. Upinde wa kapi, wenye magurudumu yanayopunguza uzito ukishavuta mpaka mwisho, unakuruhusu. Wangu ni wa ratili 60 na unaachia asilimia 80, kwa hiyo nashika ratili 48 nikiwa nimevuta mpaka mwisho, na nakaa dakika nzima.

#12 JaniLaMwaloni

Ndugu yangu, ukishika ratili 48 kwa dakika nzima, wewe hukupaswa kuwa mwindaji bali winchi. Asilimia 80 ndiyo inayopungua. Kinachobaki mkononi ni ratili 12.

Lakini wazo lako ni sahihi. Kwangu kanuni ni moja: sivuti nikiona jicho lake. Kichwa kikipita nyuma ya shina, navuta. Kikiinama kula, bado nahesabu kwanza, maana kulungu mwenye wasiwasi hujifanya anakula. Anainamisha kichwa nusu, halafu anakiinua ghafla akukamate ukisogea. Kinapoinama mara ya pili au ya tatu na mkia ukachezacheza kwa utulivu, hapo ndipo mahali. Na usivute kwa kuuelekeza upinde angani kwanza. Kama huwezi kuvuta ukiwa umeunyoosha kwa mnyama, polepole, mikono ikiwa karibu na kifua, basi upinde ni mzito kwako. Punguza ratili. Mshale mkali wenye chembe iliyonolewa vizuri hauhitaji misuli ya kujionyesha.

Na wenye pinde za mbao msimsikilize Kapi60. Hizo hazipunguzi kitu. Ukivuta mapema, mkono utatetemeka kabla mnyama hajafika.

#13 Kapi60

Nimekubali, 12. Hesabu ilinipiga chenga. Dakika nzima iko palepale.

#14 UtaWaKale

Samahani kwa kutoka nje ya mada, lakini linanikera kila nikisoma nyuzi hizi. Mnyama mnayemzungumzia si kulungu. Kulungu halisi ni wa Afrika, wa jamii moja na tandala, pembe zake zimejipinda na haziangushi maisha yake yote. Huyu wa Amerika ni wa ukoo mwingine kabisa. Dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota mpya. Tungetafuta jina lake.

#15 MgangaWaMifugo

UtaWaKale yuko sahihi kisayansi. Lakini vitabu vimemwita kulungu kwa muda mrefu, na "kulungu mkia-mweupe" inatosha kumtofautisha. Mimi nisingemwita paa, maana huyo ni kijinyama kidogo, msomaji atapotea zaidi.

#16 UtaWaKale

Nakubali mkia-mweupe. Lakini na "ulingo" je? Mimi nilikua nikisikia dungu: jukwaa la miti la kukaa mtu anayelinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe.

#17 MzeeWaUlingo

Dungu, ulingo, yote ni mamoja, na yote yalijengwa na watu waliojua kwamba aliye juu huona kwanza. Ila jina langu silibadilishi.

#18 MkandaKwanza

Kabla PodoTupu hajahamisha kituo chake au kufuata ya #3, nauliza: unajifunga lini? Ukishakaa, au ukiwa bado chini?

Nauliza kwa sababu mimi nilianguka. Nilikuwa na mkanda wa mwili mzima, mzuri, umekaza mapaja na mabega. Ila nilikuwa na desturi ya kuufunga mtini baada ya kukanyaga sakafu ya ulingo. Asubuhi moja kulikuwa na umande ulioganda. Nikatoa mguu wa kushoto kwenye ngazi, nikaweka wa kulia kwenye sakafu, ukateleza. Mita tano. Nilivunjika pingili mbili za uti wa mgongo na kifundo cha mguu, nikalala pale chini hadi ndugu yangu aliponifuata saa sita mchana. Sikufa kwa sababu niliangukia matope.

Kile kitambo cha kutoka ngazini kuingia ulingoni, na kutoka ulingoni kurudi ngazini, ndicho kinachoangusha watu wengi. Siku hizi kamba yangu ya uhai inatoka chini ya mti hadi juu ya ulingo, na fundo la prusiki, linaloteleza ukilisukuma na kukaza likivutwa, nalisukuma kadiri ninavyopanda. Mguu hauachi ardhi sijafungwa. Upinde haupandi nami. Naufunga kwenye kamba nauvuta juu nikishakaa, na mishale imo podoni imefunikwa. Na ukianguka ukaning'inia, usikae umetulia ukisubiri msaada. Mikanda inabana mapaja na damu hairudi. Uwe na kitanzi cha kukanyaga mfukoni.

Haya, endeleeni na sabuni.

#19 ChembeMbili

Pole sana MkandaKwanza. Nakiri mimi nilikuwa nafunga juu. Kesho nanunua kamba.

#20 BarafuNovemba

Mimi sishawishiki na mambo ya macho. PodoTupu anasema upepo ulikuwa sawa kwa sababu unga ulirudi kwake. Unga unakuonyesha upepo wa pua yako. Haukuonyeshi hewa inakokwenda mita kumi mbele.

Kwenye mteremko, kabla jua halijapasha joto, hewa baridi ni nzito na inateleza kushuka bondeni. Njia yako iko juu yako, kwa hiyo alfajiri harufu yako inashuka mbali na njia. Vizuri. Lakini jua likishapiga mteremko, hewa inapata joto na kuanza kupanda, na harufu yako inapanda nayo mpaka njiani, hata kama upepo mkuu haujageuka. Saa mbili na nusu asubuhi ndiyo saa yenyewe. Hao wawili wa kwanza walikunusa.

#21 BintiWaPori

BarafuNovemba, somo la hewa nimelichukua, lakini aliyenusa hakutazami. Kulungu aliyepata harufu ya mtu huinua pua, na mara nyingi hasubiri maelezo, anaondoka. Anayekukodolea macho na kupiga mguu ni yule aliyeona kitu asichokielewa, anakulazimisha usogee ili ajue wewe ni nani. Ndivyo nilivyowaona mimi.

#22 BarafuNovemba

Wengi, ndiyo. Si wote. Nimeona jike akinusa kwanza, halafu akatafuta kwa macho ilikotoka harufu. Harufu ikiwa nyembamba hakimbii. Anahakikisha.

#23 MtuWaNjia

Na kama hakumwona wala kumnusa siku hiyo? Kama alishajua tu kwamba mti ule una mtu?

PodoTupu, umekaa mti huo mara ngapi msimu huu? Unauingiaje? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn waliwavisha madume vifaa vya GPS kule South Carolina, wakaona kwamba kadiri msimu wa kuwinda ulivyosonga, mchana madume walizidi kukwepa maeneo ya ulingo zilizokaliwa. Hakuna aliyewaonyesha picha ya mwindaji. Nadhani walikuta harufu kwenye njia ya kuingilia, kwenye ngazi, kwenye vichaka alivyogusa mtu kwa mkono.

Mimi ulingo mmoja naukalia mara mbili au tatu kwa mwezi, basi. Naingia kupitia kijito hata kama njia inakuwa ndefu kwa nusu saa, na sitoki jioni kama kulungu wako uwandani chini yangu. Nasubiri giza liwachukue.

#24 PodoTupu

Nimekaa mara 11 tangu Oktoba. Naingia kwa njia ileile ya kulungu, kwa sababu ndiyo iliyo wazi na haina majani makavu ya kupiga kelele.

Nimeandika hili nikaona aibu mwenyewe.

#25 MtuWaNjia

Usione aibu, kaka. Wengi wetu tulianza hivyohivyo.

#26 JaniLaMwaloni

Lakini bado, MtuWaNjia, jike wa Jumamosi alitoka mahali peupe akiwa ametulia hadi upinde uliposogea. Kama angejua mti una mtu, asingetoka.

Na kwa kuwa tumefika hapa: hata asipokuona, akikusikia ukiachia, bado unaweza kumkosa. Mshale wa futi 280 kwa sekunde ni kama mita 85. Mita 18 unazipita kwa sekunde 0.21. Sauti ya uzi wa upinde inafika kwa 0.05. Katika tofauti hiyo mwili unaoanguka huru unashuka sentimita 12 hivi, na kulungu akishtuka hujishusha kwanza ili miguu ipate nguvu ya kuruka. Kwenye mita 36 tofauti hiyo ni sekunde 0.32, na kushuka ni karibu nusu mita. Toa muda wa kushtuka, bado unabaki na mshale uliopita juu ya mgongo. Ndiyo maana kulungu aliyeinua kichwa na kukaza misuli simpigi hata akiwa karibu, na aliyetulia simpigi akiwa mbali. Lengeni chini ya moyo mkiona masikio yamesimama, au msiachie kabisa.

#27 UtaWaKale

Hilo la mwisho liwe la kwanza. Kutoachia kabisa.

#28 MgangaWaMifugo

Na mwenye kuwinda Michigan akumbuke: msimu wa upinde hufunguliwa 1 Oktoba, wa bunduki 15 Novemba, na siku za bunduki nguo ya chungwa ni lazima hata kwa mwenye upinde. Msiogope kwamba itawachongea kwa kulungu. Sababu nimeitoa #6.

#29 PodoTupu

Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilihamia upande wa juu wa njia, kwenye mwaloni wenye mashina mawili na majani makavu bado yapo. Mita tano na nusu. Naingia kwa nyuma, kupitia kilimani, asubuhi tu. Kamba ya uhai tangu ardhini, shukrani #18. Sabuni nimebadilisha. Upinde nimeushusha kutoka ratili 65 hadi 55, nao nauvuta kama mlango uliopakwa mafuta.

Jumatano walikuja majike wawili na mmoja wa mwaka huu. Walipita mita 14. Jike mkubwa alisimama, akatazama bondeni kwenye ule mpopla wangu wa zamani kwa muda mrefu sana. Ulingo nilikuwa nimeshauondoa, mti mtupu. Akautazama, akapiga mguu mara moja, kisha akainama akaendelea kula. Nikavuta kichwa chake kikiwa nyuma ya shina. Hakusikia kitu. Sikuachia, kwa sababu mtoto alisimama nyuma yake na mshale ungempitia.

#30 MtuWaNjia

Aliutazama mti mtupu! Ndicho nilichosema #23.

#31 MzeeWaUlingo

Au anautazama kwa sababu ndipo alipokuona, na alikuona kwa sababu ya mteremko. Hajakanusha langu.

#32 BarafuNovemba

Ilikuwa saa ngapi, PodoTupu? Na jua lilikuwa limeshapiga upande ule?

#33 PodoTupu

Saa moja na dakika kumi. Jua lilikuwa halijafika. Keshokutwa nitakaa hadi saa tatu, nitakuja kuwaambia.